Jinsi ya kumfundisha mfalme Æthelred darasa lisisinzie

Usianze na orodha ya wafalme. Mwaka wangu wa kwanza nilianza hivyo. Dakika ya kumi haijafika, safu ya nyuma yote imelala.

Anza na jina. Æthelred, mfalme huyu wa Uingereza, jina lake maana yake ni "shauri jema". Baadaye watu wakalipindua, wakamwita Unræd, yaani shauri bovu. Wakishacheka, wape damu: mwaka 978 Edward, kaka yake wa baba mmoja, anauawa Corfe, kusini mwa Uingereza, na Æthelred, bado mtoto, anakalishwa kwenye kiti cha enzi.

Kisha andika ubaoni fedha walizolipwa Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Denmark na jirani zake, ili waondoke: 991, baada ya Waingereza kupigwa vitani Maldon, ratili 10,000. 994, 16,000. 1002, 24,000. 1012, 48,000. Weka chaki, nyamaza. Daima kuna mmoja atakayeuliza, "Mwalimu, sasa mbona wanarudi?" Huyo mpe hesabu: ratili moja ni peni 240 za fedha, je, 991 zilitoka peni ngapi? Akipata 2,400,000, darasa zima litaguna.

Ndoa ya Æthelred na Emma wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, igusie tu. Ila 13 Novemba 1002 usiiparaze: mfalme aliamuru Wadenmark waliokuwa Uingereza wauawe.

Mwaka 1013 Sweyn wa Denmark anatwaa nchi, Æthelred anakimbilia Normandy. Sweyn anafariki 1014, na wakubwa wanamwita Æthelred arudi, mradi atawale vizuri kuliko mwanzo. Kazi ya nyumbani: waandike ujumbe huo, kwa adabu, mistari mitano.