Hesabu Maiki Kabla ya Kununua Kompyuta: Kurekodi Muziki Shuleni

Mwalimu mwenzangu wa muziki, bodi ya shule ikikupa pesa za vifaa vya kurekodi, usianzie kwenye kompyuta. Kaa na daftari ndani ya chumba utakachorekodia, uhesabu ni sauti ngapi utataka kuzinasa kwa pamoja, kila moja kwenye njia yake, yaani mstari wake peke yake ndani ya kompyuta. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua mengine yote.

Hili nililijua baada ya hasara. Shule niliyofundisha hapa Kisumu ilinunua mikseri ya maiki sita yenye tundu la USB. Muuzaji alituhakikishia kwamba kila maiki ingeingia kwenye kompyuta peke yake. Tukarekodi isukuti, muziki wa ngoma wa Waluhya: ngoma tatu, pembe, mwimbishaji na waitikiaji. Kwenye skrini tukaona mistari miwili tu, kushoto na kulia. Mikseri nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo; huchanganya kila kitu kwanza, ndipo hupeleka njia mbili kwenye kompyuta. Ngoma kubwa ilikuwa imemmeza mwimbishaji, kijana wa kidato cha tatu kutoka Shinyalu. Alisikiliza mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, sauti yangu iko wapi?" Sikuwa na namna ya kumtolea.

Kifaa unachokihitaji ni intafesi, kile kisanduku kinachokaa kati ya maiki na kompyuta. Usitegemee nambari iliyoandikwa kwenye boksi. Kisanduku kinaweza kuandikwa kina njia nne za kuingizia sauti, kumbe mbili tu ndizo za maiki na nyingine ni za kinanda. Hesabu mwenyewe matundu ya maiki, yale ya pini tatu. Kwaya inayoimba bila ala inatosheka na mawili. Ngoma pamoja na waimbaji, nunua yenye manne. Manane ni ya shule yenye bendi kamili. Chagua pia inayopata umeme wake kupitia waya wa USB, kwa sababu stima ikipotea katikati ya wimbo, laptopu yenye betri nzima itaendelea kurekodi. Tena ukisikia mvumo kwenye hedifoni, chomoa kwanza chaja ya laptopu kabla ya kulaumu maiki.

Kwenye maiki usibane sana mkono. Za dainamiki ni ngumu, hustahimili ngoma na mikono ya wanafunzi, wala hazihitaji umeme. Za kondensa husikia hata pumzi, na ndizo ninazoziweka mbele ya kwaya, lakini nyingi zinahitaji volti 48 kutoka kwenye intafesi; hakikisha kitufe cha kuwasha volti hizo kipo. Mbili za kondensa na mbili za dainamiki ni mwanzo mzuri kwa shule za huku kwetu.

Nyatiti ilinifundisha kwamba mahali pa kuweka maiki pana uzito kuliko bei yake. Ala hii ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anachogongea ukingo wa ala. Mara ya kwanza nilisimamisha maiki karibu kabisa na ngozi ya ala. Nilipata ko, ko, ko ya pete, na nyuzi zikawa kama ziko chumba cha pili. Nikairudisha nyuma kama sentimita 50, nikaipandisha usawa wa kifua cha mpigaji, nikaielekeza kwenye vidole vyake. Nyuzi zikafunguka zote nane, na pete ikabaki kazini mwake, kushika mapigo. Sikuongeza hata shilingi.

Hedifoni ziwe zinazofunika sikio lote, la sivyo sauti yake itavuja na kuingia tena kwenye maiki. Na intafesi iwe na kitufe cha kujisikia moja kwa moja, bila sauti kuzunguka ndani ya kompyuta. Mwanafunzi anayejisikia kwa kuchelewa huanza kuburuta wimbo, nawe utadhani hajui mapigo.

Sasa kompyuta. Ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD inatosha. Ukirekodi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, kila njia hula takribani megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo njia nne kwa saa nzima ni kama gigabaiti 2. Nunua diski ya nje ya kuhifadhia. Programu ya Audacity ni ya bure na inafaa sana kwa njia mbili, ila kwa miaka mingi imekuwa ikija bila ASIO, mfumo unaoiwezesha programu kupokea njia nyingi za intafesi kwa pamoja, na hapo kwenye Windows njia nne hukusumbua. Reaper hujaribiwa bure siku 60, kisha leseni ya shule ni dola 60 kwa kila kompyuta. Mimi hutumia hiyo. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, sauti kubwa kabisa ya wimbo iishie kama desibeli -10. Ikigonga sifuri imeharibika, haitengenezeki.

Chumba nacho kina neno. Madarasa yetu ni ya mabati na hapa Kisumu mvua hupenda alasiri, basi sisi hurekodi asubuhi. Magodoro ya bweni yakisimamishwa ukutani nyuma ya waimbaji hupunguza mwangwi.

Siku ya kununua, nenda dukani na laptopu ya shule, maiki mbili na wanafunzi wawili, mmoja na ngoma na mwingine wa kuimba. Rekodini dakika tano palepale. Kisha zima njia ya ngoma na umsikilize mwimbaji. Ukimsikia vizuri, ngoma ikiwa mbali nyuma yake, lipa.