Matamshi ya Kiingereza kwa Mtu wa Tanga Aliye Ughaibuni

Katika miaka yangu ya mwanzo Uingereza niliamini kwamba tatizo langu la Kiingereza lilikuwa uchache wa msamiati, kwa hiyo nilikuwa nikikariri maneno kila usiku. Siku moja niliomba kwa simu miadi ya kliniki ya saa nne na robo asubuhi, nikatamka "ten fifteen" kwa mkazo tuliouzoea kwetu Ngamiani, Tanga, na mpokezi akaandika saa nne na dakika hamsini. Nilikaa zaidi ya nusu saa nikiwa na mtoto mwenye homa mapajani, nikidhani tumerukwa katika foleni. Hakukuwa na neno hata moja nisilolijua katika mazungumzo yale. Nguvu ya sauti ndiyo niliyoiweka mahali pasipo pake.

Mkazo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi ya kwanza na kubwa kuliko zote. Kiswahili, ukiacha maneno machache kama "lazima", huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia mkazo huo kwenye Kiingereza bila kujua. Neno "fifteen" lina silabi mbili, basi ulimi wa Kiswahili huikazia ile ya kwanza, na sikio la Mwingereza husikia "fifty", kwa sababu kinachomsaidia kuyatenganisha maneno hayo mawili ni mahali palipokazwa zaidi kuliko ile "n" ya mwisho. Hali ni hiyo hiyo kwa "thirteen" na "thirty", "sixteen" na "sixty", na kosa la namna hii huumiza hasa panapotajwa bei, tarehe, umri na kipimo cha dawa.

Maneno "calendar", "medicine" na "character" hukazwa mwanzoni, ilhali sisi huyakaza katikati kama tunavyosema kalenda. "Hotel" na "police" hukazwa mwishoni. Tena mkazo huweza kuhama ndani ya ukoo mmoja wa maneno: "photograph" hukazwa silabi ya kwanza, "photographer" ya pili, na "photographic" ya tatu. Hakuna kanuni moja ya kutosha, kwa hiyo kila neno jipya lijifunze pamoja na mkazo wake, kama mtoto anavyojifunza nomino pamoja na ngeli yake. Kamusi nzuri huweka kijistari kidogo juu, mbele ya silabi inayokazwa, na kamusi za Cambridge na Oxford kwenye intaneti hukusomea neno kwa sauti, kwa matamshi ya Uingereza na ya Marekani.

Upande wa pili wa mkazo ni udhaifu wa silabi zisizokazwa, na hapa ndipo Kiswahili hakitusaidii, kwa kuwa kila irabu yetu hutamkwa kamili popote ilipo. Kiingereza kina irabu hafifu ambayo ndiyo sauti inayosikika mara nyingi zaidi katika lugha hiyo. Ili kuitoa, legeza midomo, uache ulimi upumzike katikati ya kinywa, kisha toa sauti fupi bila kuifanya a wala e. Ndiyo sauti ya mwanzo wa "about" na ya mwisho wa "teacher", na katika "banana" iko mwanzoni na mwishoni, huku "na" ya katikati peke yake ikipata nguvu. Maneno madogo kama "to", "for", "of" na "can" pia hutamkwa kwa sauti hiyo yanapokuwa katikati ya sentensi. Ukisema "I can come" na kuikaza "can", msikilizaji huenda akaelewa kwamba umesema "can't", yaani huwezi kuja. Jirani yangu kutoka Muheza alikosa zamu ya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Maneno tuliyoyakopa zamani yanatuonyesha wazi ulimi wetu ulivyo. "Bus" tumelifanya basi, "bank" benki, "ticket" tiketi, kwa sababu Kiswahili hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Nyumbani huo ndio utaratibu sahihi, lakini ughaibuni irabu hiyo ya ziada hulibadilisha neno hata lisitambulike. Badala ya kupigana na konsonanti ya mwisho, iunganishe na irabu ya neno linalofuata. "Look at it" Waingereza wenyewe huitamka karibu na "lu-ka-tit", na silabi mbili za mwanzo hapo zimefunguka kama zetu. Mafungu kama "asked" na "months" yanahitaji kurudiwa polepole, na hata wenye lugha huyapunguza wakiwa na haraka.

Tazama pia "shirt" na "nurse". Katika Kiingereza irabu yake ni moja, lakini sisi tumepata shati na nesi, a kwa moja na e kwa lingine. Hii ni kwa sababu Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina takriban 20, zikihesabiwa zile mwambatano, yaani irabu mbili zinazotamkwa kama moja, na sauti isiyo na makao kwetu hutafuta jirani wa kukaa naye. Kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" huweza kutoka kinywani mwetu zikiwa neno moja. Kwa "ship" na "sheep", usitegemee urefu peke yake kama tunavyofanya kwa "choo": katika "ship" ulimi hushuka kidogo na midomo hulegea.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo mtu wa mwambao anaanza nayo mbele ya wengine. Anayesema dhahabu na thelathini bila kuzigeuza zahabu na selasini, tayari anayo sauti ya "this" na ya "think", ambayo wageni wengi kutoka nchi nyingine huihangaikia kwa miaka. Ng' ya ng'ombe ndiyo ya "singer", na ng ya ngoma ndiyo ya "finger". Wazee wa Mombasa wanaotenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi ya p wanayo pumzi ile ile ya "pin". Na aliyepita chuoni Tanga akasahihishwa makhraji ya herufi, yaani mahali sauti inapotokea kinywani, na mwalimu wake, akirudia aya hadi thaa isichanganyike na sini, anaijua tayari njia bora ya kujifunza matamshi: kusikiliza, kurudia, kusahihishwa, kurudia tena.

Fanya hivyo hivyo kwa simu yako. Chagua sauti ya msomaji mmoja wa habari, wa nchi unayoishi, kwa sababu Glasgow na Texas hutamka r ya mwisho wa "car" ilhali London wengi huiacha. Sikiliza sentensi moja, irudie pamoja naye ukifuata kiimbo chake, jirekodi, kisha linganisha. Dakika kumi kila siku hufaa kuliko saa mbili za Jumapili. Anza na maneno ya kazi yako, thelathini hivi, yale unayolazimika kuyasema kila siku wodini, ghalani au dereva ukiwa barabarani. Lafudhi yako ya Tanga iache ilivyo. Lengo ni kueleweka, na watu wa Scotland nao wana yao.

Herufi za jina lako zijifunze mapema sana. Anayeitwa Ali akizitaja A na I kwa Kiswahili kwenye simu, Mwingereza ataandika R na E, kwa sababu kwake A huitwa "ei", I huitwa "ai", na sauti "aa" ndiyo jina la R, na "ii" la E. Z ni "zed" Uingereza na "zii" Marekani. Panapokuwa na kelele, tumia alfabeti ya marubani inayotumika tangu 1956: Alfa, Lima, India.