Kukadiria jinsi ya marehemu (mwanaume au mwanamke) kwa fupa la paja: vipimo na hesabu zake

Ukipata nyonga nzima, anza nayo. Alama tatu za mfupa wa kinena alizozieleza mtafiti Phenice mwaka 1969 bado ni za kutegemewa sana. Tabu ni kwamba mfupa huo ni dhaifu, na makaburi yakihamishwa kupisha ujenzi hapa Dodoma, udongo ulivyo mgumu, mara nyingi hutoka vipande. Kinachobaki ni fupa la paja.

Hatua ya 1. Hakikisha ni mtu mzima. Kama kichwa cha fupa hakijaungana na shina, acha.

Hatua ya 2. Safisha kwa brashi laini, kisha zungusha kichwa ndani ya venia (kifaa cha kupimia milimita chenye taya mbili) hadi upate kipenyo kikubwa kabisa. Tope lililokauka linaongeza milimita bila wewe kujua. Rudia siku nyingine bila kuchungulia namba ya kwanza.

Hatua ya 3. Tafuta kundi la kulinganishia: mifupa ambayo jinsi yake inajulikana, ya watu wenye umbo linalokaribiana na hawa. Ukichukua mpaka wa Wamarekani (kipimo kinachotenganisha wanawake na wanaume) ukaubandika kwa Wagogo au Warangi, wanaume wenye mifupa midogo watahesabiwa wanawake, na kompyuta haitakuonya.

Hatua ya 4. Kokotoa. Tuseme (namba za mfano tu) wastani wa wanawake ni mm 40, wa wanaume mm 45, na mkengeuko wastani (jinsi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni 2.5 kwa wote. Mpaka ni katikati, 42.5. Wengi huishia hapo, wewe endelea. Gawanya 5 kwa 6.25, yaani mraba wa mkengeuko: 0.8. Zidisha kwa (kipimo − 42.5), jibu liite z. Ukichukulia jinsi zote ni nusu kwa nusu, uwezekano wa kuwa mwanaume ni 1/(1 + e⁻ᶻ), ambapo e ni karibu 2.718.

Kipimo cha 44 kinatoa z ya 1.2, uwezekano 0.77. Kimevuka mpaka, lakini karibu mmoja kati ya wanne wa namna hiyo ni mwanamke! Cha 46.5 kinatoa 0.96. Mimi hudai 0.95, hivyo chochote kati ya 38.8 na 46.2 naandika "haijabainika". Ni mifupa mingi, na aliyeomba ripoti hununa. Anune.

Hatua ya 5. Pima usahihi wa hesabu yako. Toa mfupa mmoja kwenye kundi la kulinganishia, kokotoa upya kwa iliyobaki, ukadirie uliotolewa, urudishe, uende kwa unaofuata. Ripoti usahihi wa kila jinsi peke yake: 95% kwa wanaume na 65% kwa wanawake, makundi yakiwa sawa, ukizichanganya husomeka 80% tu.