Rangi na taa kwa wanaopiga filamu za kijasusi Mji Mkongwe

Vijana mnaopiga filamu za kijasusi huku kwetu Unguja, msingoje usiku wa manane. Wakati wenyewe ni ule wa baada ya magharibi, mbingu bado buluu na taa za vichochoroni zimeshawaka. Mna dakika 20 hivi tu, kwa hivyo fanyeni mazoezi mapema.

Kamera msiiachie ijichagulie rangi. Iwekeni kwenye kelvini 3200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga): unjano wa taa utapungua, na kila kilicho mbali nayo kitazama kwenye buluu ya baridi. Hapo hata mtu aliyekaa barazani akinywa kahawa yake huanza kutiliwa shaka.

Taa isimpige mtu usoni. Itokee ubavuni, nusu ya uso ipotee. Na mwageni ndoo mbili tatu za maji chini! Katika filamu ya The Third Man ya 1949, mitaa ya Vienna inang'aa kwa maji usiku, na Robert Krasker aliyeipiga picha alipata Oscar.

Nyekundu iwekeni akiba. Kanga moja dirishani, mara moja tu, pale hatari inapoingia.