Kupima densiti ya boksiti iliyochomwa: usiamini rula peke yake

Kidonge cha boksiti (mwamba wenye madini ya alumini) kikitoka tanurini kimesinyaa, usiseme kimeiva. Rula inaona nje tu, na vitundu viko ndani. Mimi hufanya hivi.

1. Choma boksiti mbichi kabla ya kuisaga. Mara nyingi madini yaliyo mengi humo ni gibsaiti, inayoanza kutoa maji kwenye nyuzi 300 hivi. Gibsaiti safi hupoteza karibu asilimia 35 ya uzito wake. Ukifinyanga mbichi, kidonge kitapasuka.

2. Saga, chekecha, shindilia vidonge vya unene mmoja. Kausha kwa nyuzi 110 hadi uzito usibadilike.

3. Choma kwa makundi: nyuzi 1,200, 1,300, 1,400, 1,500 na 1,600, saa mbili kileleni kila mara. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Boksiti yenye kaolini (udongo mweupe wenye silika) ikipita 1,200, silika huungana na alumina (oksidi ya alumini) na kuzaa madini yaitwayo mulaiti. Mulaiti ina densiti ya 3.16 hivi, korandamu (fuwele za alumina) 3.99, kwa hiyo kidonge huweza kuvimba badala ya kusinyaa. Usizime tanuri! Joto likizidi kupanda, chuma, titani na silika hutoa kimiminika kidogo kinachovuta chembe pamoja, na densiti hupanda tena. Lakini kimiminika hichohicho hulegeza tofali likibeba mzigo kwenye joto kali. Ndiyo maana boksiti yenye chuma kidogo, kama ya Linden, Guyana, huthaminiwa kwa matofali ya tanuri.

4. Pima kidonge kikavu (K). Kichemshe saa mbili bila kugusa kitako cha sufuria, kipoe humohumo. Kipime kikining'inia majini (N). Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, maana kitambaa kikavu hunyonya maji ya kwenye vitundu, kisha kipime hewani (L).

5. Densiti ni K ÷ (L − N). Vitundu ni (L − K) ÷ (L − N). Tuseme K ni gramu 62.0, N 42.4, L 64.2: densiti ni 2.84, vitundu asilimia 10.

Njia hii huona vitundu vilivyo wazi tu. Kujua vilivyofungwa, saga kipande cha kidonge kiwe unga laini, pima densiti ya unga huo kwa piknomita (chupa ndogo yenye ujazo unaojulikana kamili), kisha linganisha.