Kosa la Mwendelezo: Jinsi ya Kulijengea Hoja Mpaka Ubishi Uishe

Kwenye vibanda umiza vya Bagamoyo ni nadra filamu kufika katikati kabla mtu hajapaza sauti: "Simamisha hapo! Kikombe kilikuwa mkono wa kulia!" Mwingine anabisha, wa tatu anasema ni makusudi, wa nne anasema Wabongo hawajui kazi, na kuanzia hapo filamu haisikiki tena. Ubishi wenyewe ni mtamu, siukatazi. Shida ni kwamba watu wanabishania mambo manne tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake anazungumzia lile lake.

Mimi kazi yangu ni mwendelezo. Filamu ikipigwa, ndiye ninayekaa pembeni ya kamera, daftari mapajani, nikiandika mwigizaji alielekea wapi, kifungo cha ngapi kilikuwa wazi, glasi aliinua akisema neno gani. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kujua kama kosa ni kosa kweli, na kama linastahili makelele.

Hatua ya 1: Sema ni kosa la aina gani

Kosa la mwendelezo lina masharti yake. Kuna shoti mbili, yaani vipande viwili vya picha ambavyo kila kimoja hakijakatwa, zinadai kufuatana katika muda mmoja, na kati yake kitu kimebadilika bila sababu ndani ya hadithi. Sharti moja likikosekana, unazungumzia jambo jingine.

Katika Pretty Woman ya mwaka 1990, Julia Roberts yuko kwenye kifungua kinywa na kruasanti mkononi. Shoti inabadilika, kruasanti imekuwa pankeki. Hilo ndilo lenyewe. Lakini kile kikombe cha kahawa kilichoonekana mezani kwenye tamthilia ya Game of Thrones mwaka 2019, ambacho HBO, wenye tamthilia, walikifuta kwa kompyuta baada ya siku chache, si kosa la mwendelezo hata kidogo. Kikombe hakikubadilika, hakikutakiwa kuwepo. Kwangu hayo ni makosa mawili ya watu wawili tofauti: la kwanza tunamuuliza mtu wa mwendelezo na mhariri, la pili tunamuuliza aliyepanga meza.

Aina nyingine ambayo sisi wa pwani tunaidaka upesi ni ya kijiografia. Wapenzi wanaagana ufukweni Bagamoyo, jua linazama taratibu baharini. Linazamaje huko? Bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka baharini na kuzama nyuma ya minazi, upande wa bara. Ama sini, yaani tukio hilo, ilipigwa alfajiri ikaitwa jioni, ama ile picha ya jua imechukuliwa mahali panapotazama magharibi, Mji Mkongwe Unguja kwa mfano. Kosa ni halali, libishanie, ila usiliite la mwendelezo.

Na mhusika akijua siri ambayo hakuna aliyemwambia, huyo ni wa mwandishi wa hadithi. Mwacheni mtu wa daftari apumue.

Hatua ya 2: Hakikisha unachotazama ni filamu, si nakala iliyochezewa

Hapa pana dhambi nyingi za watu wasiohusika. Nakala ikiwa imekatwa vipande ili ipite kwenye televisheni, mhusika ataruka kutoka mlangoni hadi kitandani, na utaapa kuwa mwongozaji amelala. Filamu zenye mtafsiri anayezungumza juu ya picha zina hatari yake pia: mtafsiri akisema "kesho yake asubuhi" wakati mwigizaji hajasema lolote la kesho, ndipo unapoanza kuuliza mbona amevaa shati la jana.

Filamu za zamani zina lao. Nyingine zilipigwa kwa fremu ndefu, na kumbi za sinema zikawa zinafunika juu na chini wakati wa kuonyesha. Zilipohamishiwa kwenye televisheni za mraba, kifuniko kikaondolewa, na maiki iliyokuwa inaning'inia juu ya waigizaji ikaonekana. Mpigapicha wa watu hakukosea.

Hatua ya 3: Leta picha mbili, si kumbukumbu

Andika dakika na sekunde za shoti ya kwanza, kisha za shoti ya pili. Piga picha ya kioo zote mbili. Kama unatazama kwenye simu au kompyuta, rudi nyuma fremu moja moja, yaani picha tuli moja moja. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, televisheni yetu 25, kwa hiyo kuna nafasi kubwa ya kuona mkono ukihama kabla shoti haijakatwa. Makosa mengi hufia hapo. Kikombe hakikuruka: alikihamisha mkono wakati wewe unatazama uso.

Usiamini macho yako kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani, Daniel Levin na Daniel Simons, walitengeneza filamu fupi zenye makosa ya makusudi. Katika mojawapo mtu anainuka kitini kwenda kupokea simu, na baada ya kukatwa shoti anayepokea simu ni mtu mwingine kabisa. Wengi wa waliotazama hawakugundua. Jicho hufuata jambo, halihesabu vitu.

Vitu vilivyoandikwa ndivyo ushahidi bora. Kanga, kwa mfano. Vifungo unaweza kubishana hadi usiku, lakini mama akitoka mlangoni na kanga yenye jina moja, akifika uani na jina jingine, rangi zikiwa zilezile, hapo hakuna wa kukuangusha. Na wanawake huyasoma majina ya kanga kwenye filamu hata pale mwongozaji anapodhani ni pambo tu.

Hatua ya 4: Uliza ni muda gani umepita

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Shoti mbili kufuatana kwenye kioo si lazima zifuatane kwenye hadithi. Tafuta kitu kinachofunga muda: sentensi iliyoanza shoti ya kwanza ikaishia ya pili, mlango unaofungwa, wimbo wa redioni usiokatika. Kikiwepo, muda umefungwa na mabadiliko ni kosa. Kisipokuwepo, mtetezi wa filamu ana pa kusimama.

Ubishi mzuri zaidi niliowahi kuusikia wa namna hii ulihusu bao. Filamu ya kwetu, mazungumzo mazito ya mirathi barazani, na nyuma ya wahusika wazee wawili wanacheza. Mzee mmoja wa hapa mjini, mchezaji, akatikisa kichwa.

"Hawa wanacheza nini? Pale mwanzo mchezo ulishafika mtaji, hakuna mwenye kete mkononi. Sasa huyu ananamua kutoka wapi?"

"Babu, huenda wameanza mchezo mpya," kijana akamtetea mwongozaji.

"Mchezo mpya ndani ya sentensi mbili, mjukuu wangu?"

Kwa asiyecheza: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 nje ya mashimo, akiziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha, mnaingia mtaji, na hakuna kurudi nyuma mpaka mchezo uishe. Kwa hiyo ubao ule ulikuwa saa. Shoti ya mbali ilionyesha mtaji, shoti ya karibu ikaonyesha mzee akichomoa kete kiganjani. Tulirudisha nyuma tukasikiliza mazungumzo: sentensi ya mtoto mkubwa ilianzia kwenye shoti ya mbali ikamalizikia kwenye ya karibu. Muda umefungwa. Babu alishinda, na kijana alikubali bila kinyongo kwa sababu aliona sentensi, hakusikia tu ukali wa sauti.

Ningependa kila mbishi ajifunze hilo: leta saa iliyo ndani ya picha.

Hatua ya 5: Eleza lilivyotokea

Ukishathibitisha kosa, eleza lilivyoingia. Bila hilo utaishia kwenye "wazembe hao", na uzembe ni jibu la mvivu.

Sini ya dakika mbili inaweza kutumia nusu siku. Kwa kawaida tunaanza na shoti pana inayoonyesha kila kitu, kisha tunasogea kwa mwigizaji mmoja, kisha tunageuza kamera na taa zote kwa mwenzake. Kila mara wanarudia maneno yaleyale. Kila marudio tunayaita teki. Baadaye mhariri anachukua nusu ya teki hii na robo ya ile. Maneno mawili yanayofuatana kwenye kioo yanaweza kuwa yametoka saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Sasa ipeleke hesabu hiyo ufukweni. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti inapita mita 3, na kwa kuwa ufukwe wetu umelala, maji yakitoka yanaacha mchanga mtupu mpaka mbali. Ukipiga shoti pana asubuhi maji yakiwa yanalamba ukuta, ukafika kwenye sura ya mwigizaji wa pili mchana, nyuma yake ngalawa zimelala ubavu mkavu. Mtazamaji wa Dodoma hataona. Mvuvi ataona kabla hata ya kusikia neno la kwanza. Na usijidanganye kwamba utarudi kesho saa ileile: kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Ndiyo maana mimi huomba sini za ufukweni zipangwe siku za maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana, na uso wenye bahari nyuma yake upigwe kwanza, mwenye ukuta nyuma yake baadaye. Wasipokubali naandika tu.

Sauti nayo hufanya vivyo hivyo. Adhana ikianza tunasimamisha kazi, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu haikatiki. Timu isiyosimama inapata sini ambayo adhana inasikika baba akizungumza, inapotea mtoto akijibu, inarudi baba akizungumza tena. Hilo ni kosa safi la mwendelezo, na hulipati kwa kutazama. Funga macho usikilize. Kuna jingine linalofanana nalo lakini si la aina hiyo: sini ya magharibi iliyobandikwa adhana ya kurekodi, na katikati inasikika "Asswalaatu khayrun minan-nawm". Maneno hayo ni ya adhana ya alfajiri. Rudi hatua ya 1 ulipange panapostahili.

Hatua ya 6: Lipime

Walter Murch, mhariri wa Marekani, alipanga vigezo sita vya kuchagua pa kukata shoti na kuvipa asilimia: hisia 51, hadithi 23, mdundo 10, jicho la mtazamaji liko wapi 7, mpangilio wa picha kwenye kioo 5, na mwendelezo wa nafasi, yaani nani yuko wapi chumbani, 4. Naam, nne. Kazi yangu iko huko mkiani, na sibishi.

Kwa hiyo ukikuta glasi imejaa upya, usitazame glasi. Tazama uso. Machozi yakiwa ya kweli kwenye shoti yenye glasi mbaya, mhariri aliiona glasi na akaiacha kwa kujua. Kosa hilo lipo, lakini ni la bei nafuu. Kosa zito ni lile linalomfanya mtazamaji asielewe: bastola iliyokuwa mezani haipo halafu inahitajika, jeraha la mguu wa kushoto limehamia wa kulia, mtu aliyetoka kuelekea baharini anaingia akitokea baharini.

Hatua ya 7: Utetezi wa "makusudi" ulipe gharama

Kila ubishi una mtu wa kusema "mwongozaji alitaka hivyo". Mkubalie kwa sharti moja: aonyeshe jambo la namna hiyo mahali pengine kwenye filamu ileile. Katika The Shining ya Stanley Kubrick, 1980, kiti kilicho nyuma ya Jack Nicholson kinatoweka kati ya shoti wakati anazungumza na mkewe kwenye taipureta. Wapo wanaosema ni sahau, wapo wanaosema ni hoteli inamchezea akili. Wa pili wana cha kushika, kwa sababu filamu nzima inahusu jengo lisiloaminika. Mimi bado naona ni kiti kilichosogezwa kupisha kamera, lakini hoja yao naiheshimu. Filamu ya harusi na mirathi ambayo kila kitu kimetulia, kisha pete inahama kidole mara moja tu? Hapana. Hayo si makusudi.

Hatua ya 8: Iandike kwa mistari michache

Dakika, muda uliofungwa na nini, kilichobadilika, sababu, uzito. Kwa mfano: "Dakika 41:07 na 41:09, sentensi ya dada haijakatika, maji yalikuwa ukutani, sasa mchanga mtupu, shoti ya pili ilipigwa saa kadhaa baadaye, hadithi haijaharibika, ila wenyeji wataona." Mwenye kubisha atalazimika kuchagua kipengele anachokipinga, na mtajua mnapobishania.

Kama filamu ni ya hapa nyumbani na bado haijatoka, ujumbe huo mpelekee mhariri, usimpelekee mwigizaji. Mwigizaji hana la kufanya tena. Mhariri huenda ana teki nyingine, au akaikuza picha kidogo mpaka ule mchanga utoke nje ya fremu.