Somo: Kutengeneza taa za dharura kwenye majengo ya umma

Habari zenu wadau. Juzi niliitwa kwenye bweni la shule moja. Taa za dharura tisa ukutani, zote zina kitaa cha kijani kinachowaka vizuri. Umeme ulipokatika saa 2 usiku, iliwaka moja tu, nayo kwa dakika nne. Wasichana walishuka ngazi wakipapasa ukuta. Somo hili ni la taa ile ya macho mawili yenye betri kavu ya risasi ya volti 6, ambayo ndiyo nyingi.

1. Ijaribu kabla ya kuifungua. Zima breka ya njia ya taa, kisha angalia saa. Taa nyingi zimetengenezwa ziwake kwa muda wa saa 3. Kile kitaa cha kijani kinasema tu kwamba umeme umefika kwenye chaji; hali ya betri hakiijui.

2. Breka ikiwa imezimwa, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, na uweke kibandiko mtu asije akaiwasha ukiwa juu ya ngazi. Ndani, chomoa kwanza waya za betri, maana hiyo bado ina nguvu yake.

3. Itazame betri. Ile ya kwanza pale bwenini ilikuwa imetuna mpaka imekwama kwenye kasha, na unga mweupe umekula tamino (pale waya unaposhika betri) ya upande mwekundu. Ya namna hiyo usiichokonoe kwa bisibisi. Fungua kasha lote uitoe taratibu, na tamino ubadilishe.

4. Ipime. Ikiwa imeshiba na imepumzika, isome karibu volti 6.4. Usiridhike hapo: iunganishe na taa zake. Ikishuka chini ya 5.4 ndani ya dakika chache, imekwisha. Weka ya aina ileile. Mahali pa betri ya nikeli usiweke ya risasi, chaji zake hazifanani.

5. Fuata waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Taa ya dharura inataka moto usiopita kwenye swichi. Kule bwenini fundi aliunga baada ya swichi. Kila usiku mlinzi akizima taa za korido, taa za dharura zinadhani umeme umekatika, zinawaka mpaka betri inakauka. Betri ya kukaa miaka inakufa kwa miezi. Chukua moto kabla ya swichi, lakini kwenye njia ileile ya taa za korido hiyo, ili breka yake ikianguka taa ya dharura nayo iwake. Usiutoe kwenye njia ya soketi.

6. Ichaji saa 24, kisha rudia jaribio la saa 3. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa betri. Baada ya hapo, jaribio fupi kila mwezi na la saa zote mara moja kwa mwaka. Hilo la mwaka lifanyeni likizo, kwa sababu baada yake jengo halina kinga mpaka betri zishibe tena.

MASWALI

Swali: Fundi, sisi zahanati yetu ina jenereta. Bado tunazihitaji?
Jibu: Ndiyo, dada. Jenereta inachelewa kushika, na siku nyingine haiwaki kabisa. Tena moto ukitokea ukaunguza waya za jengo, jenereta haitakusaidia. Taa ya dharura imebeba betri yake mwenyewe.

Swali: Mkuu, nikiweka betri ya Ah 7 (kipimo cha ujazo wa betri) badala ya 4.5 si itakaa zaidi?
Jibu: Chaji ya taa hiyo ni ndogo, itachukua muda mrefu kuijaza, na kasha halitafunga. Weka ileile.

Swali: Yetu ya KUTOKA mlangoni inawaka muda wote, ila umeme ukikatika inazimika. Ni mbovu?
Jibu: Ndiyo, hiyo mara nyingi ni betri. Ndani utakuta kipakiti kidogo cha nikeli. Soma volti zilizoandikwa juu yake, nunua inayolingana, na uangalie chanya na hasi kabla ya kuchomeka.

Swali: Betri za zamani mnapeleka wapi?
Jibu: Za risasi wapo wanaozinunua, wapelekee zikiwa nzima, bila kupasua. Za nikeli nyingi zina kadimi, ambayo ni sumu. Msizichome na takataka wala kuzifukia karibu na kisima. Mimi za bweni nimeziweka kwenye ndoo yenye mfuniko stoo, watoto wasizifikie, mpaka zipate mpokeaji.